Kifungu cha 2: NR (jamaa wa karibu kisheria) ni mama aliye Mombasa au mimi?

Mwanaisha:
Asalaam aleikum jamaa. Mdogo wangu, miaka 24, hana mke wala mtoto, yuko wodini tangu Jumanne kwa kifungu cha 2 cha sheria ya afya ya akili, yaani kalazwa kwa lazima ili achunguzwe, hadi siku 28. AMHP (mtaalamu wa afya ya akili aliyeomba alazwe) kamwandika mama yetu aliye Mombasa kuwa NR. Mimi ndiye ninayeishi naye hapa Leicester, kaka yetu mkubwa yuko Leeds. Naweza kumtoa? Na viza yake ya kazi itaguswa?

Baba Salim:
Wa aleikum salaam dada. Mama hahesabiki. Sheria ya Afya ya Akili ya 1983, kifungu 26(5): mgonjwa akiwa mkazi wa Uingereza, jamaa anayeishi nje anarukwa. Wanafuata ndugu wa baba mmoja mama mmoja, mkubwa kwanza. NR ni kaka wa Leeds.

Rehema:
Baba Salim, soma kifungu chote kabla ya kujibu. 26(4) inampandisha juu jamaa anayeishi na mgonjwa au anayemtunza. NR ni Mwanaisha. Dada, mwandikie AMHP leo, taja 26(4) na 26(5), udai kumbukumbu zirekebishwe. Barua ya kumtoa humwandikii daktari, unawaandikia mameneja wa hospitali, na hakikisha saa ya kupokelewa imeandikwa. RC (daktari mkuu anayesimamia matibabu yake) ana saa 72 kuizuia kwa fomu M2, na lazima athibitishe kwamba mgonjwa akitoka yaelekea atakuwa hatari kwake mwenyewe au kwa wengine. "Bado anaumwa" haitoshi. Lakini akizuia, huna ruhusa ya kuandika tena kwa miezi 6, kwa hiyo usiandike kwa hasira.

Baba Salim:
26(4) nimekubali. Ila T110 (fomu ya rufaa kwa baraza la afya ya akili) itangulie barua. Anaomba mgonjwa mwenyewe, ndani ya siku 14 za mwanzo tu, na Jumanne ishaanza kuhesabiwa. Wakili ni bure, kipato hakiulizwi. Aombe na IMHA (mtetezi huru wa wagonjwa wa akili). (Haya ni ya England na Wales, Scotland wana sheria yao ya 2003.)

Mzee Kombo:
Wanangu, mkalimani alikuwepo? Kifungu 13(2) kinataka AMHP amhoji mgonjwa kwa namna inayofaa. Mtu akisema "kichwa kinawaka moto", tafsiri ya neno kwa neno humgeuzia malalamiko yakawa dalili. Na ndugu asitafsiri, huruma itamfanya apunguze. Kwetu angalau mgonjwa haachwi peke yake, kuna shangazi mlangoni kutwa nzima.

Rehema:
Mzee, shikamoo, lakini kwetu wengine hufungwa minyororo uani, bila karatasi wala siku ya mwisho. Siku 28 zenye haki ya kukata rufaa si kitu kidogo.

Mzee Kombo:
Marahaba. Minyororo siitetei. Nasema upweke nao unaumiza.

Baba Salim:
Mwanaisha, angalia jambo moja. Kabla siku 28 hazijaisha wanaweza kutaka kifungu cha 3, kulazwa kwa matibabu hadi miezi 6. Hapo AMHP lazima ashauriane na NR, isipokuwa kama haiwezekani kwa hali ya kawaida au kungechelewesha mambo kupita kiasi. Ukipinga, ombi linakwama mpaka mahakama ikuondoe kwenye nafasi hiyo. Jina likibaki la mama, simu itapigwa Mombasa.