Eti niende nikafuge samaki wa dhahabu!

Wanajamvi wenzangu wafugaji wa matumbawe wa Dubai, nimetoka sasa hivi dukani kwa yule bwana, yule yule mnayemjua, mwenye taa za buluu na maneno matamu, na mikono bado inanitetemeka kwa hasira. Nilimrudishia kipande cha tumbawe aina ya akropora alichoniuzia kwa bei ya mbuzi wa Idi, nikamgeuzia kitako cha kipande hicho na kumpa kioo cha kukuzia, ili ajionee mwenyewe mayai ya minyoo bapa, ya rangi ya kahawia, yaliyojipanga juu ya mfupa mtupu pale ambapo nyama ya tumbawe imekwisha kuliwa. Hata kukishika kioo hakukishika. Alicheka mbele ya wateja wote, akaniambia: "Dada, haya huyawezi, nenda ukafuge samaki wa dhahabu."

Samaki wa dhahabu! Mimi, ninayepima kalsiamu ya tangi langu kabla sijatia sukari kwenye chai yangu!

Anadai kwamba vipande vyake vyote huchovywa katika dawa ya iodini. Na avichovye hadi Kiyama: dawa hiyo huwaangusha minyoo lakini haiyaui mayai, na ndiyo maana mtu anayejali huyakwangua kwa wembe au hukikata kitako chote, kisha hurudia kuchovya kila wiki hadi wanaoanguliwa wamalizike. Nilimweleza hayo kwa adabu, naye akanijibu kwa samaki wa dhahabu. Mbele ya watu! Kijana mmoja aliyekuja kununua chumvi alicheka hadi akaegemea friji ya chakula cha samaki.

Nahodha wa Kioo: Pole sana, dada. Huyo huyo aliniuzia montipora, tumbawe la aina nyingine, yenye vikonokono vyeupe visivyo na gamba, akaniapia kwamba ni pambo lake la asili.

Mpwa wa Pemba: Dada, samaki wa dhahabu umemtaja kuliko minyoo wenyewe. Je, wameingia katika tangi kuu, au kilichoingia ni hasira tu?

Mwenye uzi: Hawakuingia, kwa sababu kila kipande hukaa kwanza karantini, na huko ndiko nilikowaona wakidondoka nilipokipulizia maji kwa bomba la mpira. Lakini kusema nikafuge samaki wa dhahabu, mbele ya watu!

Baba Chumvi: Minyoo hao ni nafuu, maana ukiziondoa akropora zote tangini kwa wiki kadhaa, hufa njaa. Mimi nina aiptasia, yaani anemoni msumbufu, mnyama laini mwenye minyiri anayeota miambani. Fundi aliyekuja kunisafishia tangi aliikwangua kwa kisu, na kila kijipande kilichobaki mwambani kikaota anemoni mpya.

Nahodha wa Kioo: Aiptasia haikatwi, mkuu. Izimie pampu, kisha uidunge kwa sindano yenye chokaa iliyokorogwa nzito.

Mpwa wa Pemba: Wapo pia kamba wadogo wanaoila, ila uangalie usiuziwe ndugu yao mwenye kibyongo. Mimi niliuziwa huyo, akaiacha aiptasia na kuyatafuna matumbawe yangu laini usiku kucha.

Baba Chumvi: Mwenye kibyongo? Nimeuziwa wawili jana, nao wamejificha nyuma ya mwamba. Nitawatoaje bila kubomoa tangi zima?