Mrejesho: Mdogo wangu wa TB, tangu atoke wodini

Wakuu, mwezi wa tatu niliwauliza: mdogo wangu katoka wodini na TB ya mapafu, tunabanana vyumba viwili Mabatini, Mwanza, je, tumtengee sahani na kikombe?

Hatukutenga. Nesi wa kliniki alinicheka kidogo, akasema TB inapita kwenye hewa, si kwenye kijiko, fungueni madirisha. La chumbani kwake lilikuwa limezibwa na kabati. Tulilisogeza siku hiyohiyo, mende wakatukimbilia miguuni. Watoto nao walipimwa. Yule wa miaka 3 alikutwa hana ugonjwa, akapewa dawa ya kinga.

Balaa lilikuja kwingine kabisa. Wiki ya kwanza nyumbani, jamaa kaona mkojo wa rangi ya chungwa, akadhani ni damu. Hakusema. Mama akitandika kitanda akakuta vidonge vya siku mbili chini ya godoro! Kumbe ni rifampisini tu, mojawapo ya dawa zake za TB, inayobadilisha rangi ya mkojo, wala haina neno. Wodini hakuna aliyemwambia, na hilo bado linaniuma. Tulirudi kliniki kueleza zile siku alizoruka. Tangu hapo anameza mbele ya mama, alfajiri, kabla ya chai.

Ile miezi 2 ya dawa nne imeisha, makohozi yamepimwa tena, hayana vimelea. Imebaki miezi 4 ya dawa mbili. Suruali zimeanza kumbana, anataka kurudi kupakia dagaa soko la Mwaloni Kirumba. Mama kagoma, wananuniana tangu Jumapili.