Hekalu la Thanjavur: nilimpigia nani makofi?

Msindikizaji:
Wakuu, salaam. Nilimpeleka mama Chennai, India, kwa matibabu. Alipoambiwa apumzike wiki nzima akanifukuza: "Toka, unanichosha kunikodolea macho." Nikapanda treni hadi Thanjavur kuona lile hekalu la Shiva, mungu wa Wahindu, alilolimaliza mfalme Rajaraja mwaka 1010. Viatu unaviacha mlangoni. Saa saba mchana mawe yanaunguza, nikawa natembea kwa vidole kama kuku kwenye majivu ya moto.

Mnara nimeuelewa. Yule ng'ombe dume wa jiwe anayemtazama bwana wake pia nimemwelewa. Mbele yake niliokota ua la asumini. Vilivyonishinda ni vijumba vya pembeni. Nilimfuata nyuma nyuma bibi mmoja mwenye kikapu. Mwisho kabisa, upande wa kaskazini, akasimama kwenye kijumba kidogo, akapiga makofi ya chini chini, akafungua viganja kuonyesha havina kitu, huyoo akaenda zake. Na mimi nikapiga, nisionekane mshamba. Nilimpigia nani? Na vijumba hivyo vina mpango, au kila mfalme alijenga alipopata nafasi?

Fundi_Mawe:
Mkuu, pole na mama. Mimi nilisoma ujenzi Tiruchirappalli, Thanjavur ni basi la saa moja na kitu, nilikuwa nashinda huko.

Uliyempigia ni Chandikeshvara. Mchukulie kama mtunza stoo wa Shiva. Unamwonyesha viganja vitupu: siondoki na mali ya bwana wako. Na hakuwekwa kaskazini kwa bahati. Maji anayoogeshewa Shiva ndani hutokea kwenye mdomo wa jiwe ukuta wa kaskazini, naye yuko hapo hapo jirani, maana masalia ya Shiva, maua na chakula, ni fungu lake.

Mpango wenyewe utauona ukitembea. Hekalu linatazama mashariki, na watu huzunguka mungu akiwa mkono wao wa kulia. Kwa hiyo unaanzia kusini. Pembe ya kusini-magharibi unamkuta Ganesha, mwana wa Shiva, ambaye hakuna shughuli inayoanza bila yeye; kaskazini-magharibi ndugu yake Murugan; halafu huyo wa makofi. Mama yao Ganesha na Murugan, mke wa Shiva, ana hekalu lake uani, linatazama kusini.

Sasa sikiliza utamu. Katika hao wote, ni Chandikeshvara tu aliyejengewa zama zile za Rajaraja. Hekalu la mama ni la karne ya 13, chini ya Wapandya. Murugan aliletwa na watawala Wanayaka, hata huyo ng'ombe uliyemwona ni wa zama zao. Ganesha alikuja na Wamaratha, watu ambao hata lugha yao si Kitamil, lugha ya wenyeji. Koo za kifalme zimepokezana mamia ya miaka, na kila mungu aliyekuja alikuta kiti chake hakijakaliwa. Hakuna aliyejenga alipopata nafasi.

BintiTanga:
Kaka Fundi, mbona kwenye mahekalu ya Khajuraho, huko huko India, niliona tofauti? Hekalu kubwa katikati, vidogo vinne kwenye pembe, kama meza iliyopinduliwa.

Fundi_Mawe:
Dada, hilo litakuwa Lakshmana, la Vishnu, karne ya 10. Huo mtindo huitwa panchayatana, yaani makao matano, na umezoeleka zaidi kaskazini. Pale vyote vitano viko juu ya jukwaa moja la mawe, vilichorwa pamoja tangu mwanzo. Mimi binafsi napenda zaidi Thanjavur. Lakshmana unalimaliza kwa jicho ukiwa umesimama. Thanjavur bila kuzunguka hupati kitu.

Msindikizaji:
Shukrani sana mkuu. Nimemsomea mama yote. Amesikiliza kimya hadi kwenye viganja vitupu, akaniuliza, "Na lile ua?"

Lilikuwa mfuko wa shati wakati napiga makofi. Sasa limekaukia ndani ya pasipoti. Fundi, kuna anayejua linarudishwaje?