Tusekile na kozi ya HR: gumzo la kikundi cha Ukoo wa Babu wa Tukuyu

Mama Tusekile: Habari za jioni ndugu zangu, shikamoo baba na wote mnaostahili. Matokeo ya fomu siksi yametoka, binti yetu kapata division two ya pointi 10, History C Geography D Kiswahili C. Tumshukuru Mungu jamani 🙏🙏

Mama Tusekile: Sasa anasema anataka digrii ya human resource, hiyo HR, mambo ya rasilimali watu. Mimi na viazi vyangu hapo Soweto hii kozi siijui, baba yake yuko safarini Tunduma network shida, naomba mumshauri kabla madirisha ya vyuo hayajafungwa

Lusajo Mafinga: Hongeraaa dada Tuse!! Hongera mama mdogo

Ba'mdogo Gwamaka: Hongera sana mwanangu umetutoa kimasomaso. Ila shemeji mimi ntasema kama baba wala msinichukulie vibaya, HR wamejaa mtaani kama viazi vya Uyole msimu wa mavuno. Hapa Makambako namjua kijana kamaliza HR mwaka wa tatu huu yuko kwenye duka la vifaa vya simu la mjomba wake. Kwa iyo HGK yake si aende ualimu, Mkwawa hapo Iringa karibu kabisa, mwalimu halali njaa

Lusajo Mafinga: Shikamoo ba'mdogo. Kwa heshima zote, walimu walio nyumbani wanasubiri ajira ni wengi kuliko hao HR. Kujaa kumejaa kila mahali, tuangalie anachokitaka na anachokiweza

Ba'mdogo Gwamaka: Marahaba. Sawa na yeye mwenyewe aseme basi, Tusekile upo?

Tusekile: Nipo ba'mdogo, shikamooni wote

Tusekile: Ba'mdogo nisikilize. Unakumbuka babu alivyokuwa anafuatilia mafao yake mi ndo nilikuwa namsindikiza likizo zote. Babu kaanza pale shambani kwenye chai kama kibarua, kachuma majani miaka na miaka ndo akaja kuajiriwa, lakini faili lake linaanzia siku aliyoajiriwa, ile miaka ya nyuma haimo kabisa, hamna barua hamna kadi hamna mchango. Yule mama wa dirishani alikuwa mpole tu anasema mzee mimi nalipa kilichoandikwa. Babu akakaa pale kwenye benchi na bahasha yake ya khaki, ndani ana kitambulisho cha zamani kimefutika jina. Toka siku ile najiuliza nani alitakiwa aandike? Ndo nikaambiwa kuna mtu wa HR kazi yake ni iyo. Mi nataka iyo kazi

Mama Tusekile: Hili hata mi hujawahi kuniambia hivi

Babu (simu ya Ipyana): Mwagonile. Ni kweli mtoto alikuwa ananishika mkono. Asome anachotaka

Ba'mdogo Gwamaka: Baba akishasema mi sina la kuongeza. Ila dada Atupele wewe ndo mtu wa iyo kazi, njoo useme humu ukweli wote mzuri na mbaya maana sitaki mtoto aende kwa machozi ya babu tu aje ajute

Shangazi Atupele: Kamwene kutoka Iringa, samahanini nilikuwa kwenye kikao. Shikamoo baba. Tuse mwanangu hongera sana, nimesoma ulichoandika nimekaa kimya kidogo

Shangazi Atupele: Sasa nianze na mbaya maana Gwamaka yuko sahihi kwenye jambo moja. Watu wanakimbilia HR wakidhani ni kozi laini, ya kuvaa vizuri na kukaa ofisini kupokea CV. Hao ndo wanaokaa mtaani. Anamaliza chuo ukimuuliza mfanyakazi anastahili likizo siku ngapi hajui, ukimpa mshahara amkatie mchango wa hifadhi ya jamii NSSF na kodi ya mshahara PAYE anatafuta mtu wa uhasibu. Mwajiri amchukue wa nini

Shangazi Atupele: Kazi yenyewe kwa sisi wa halmashauri ni hii. Mwalimu wa shule ya kijijini huko kapanda daraja lakini mshahara haujabadilika, anakuja kwako. Nesi kajifungua anataka likizo yake. Mtendaji anaomba kuhamia kwa mumewe, siku hizi anaomba kwenye ESS, mfumo wa watumishi wa mtandaoni, ila lazima huko upande wa pili awepo mtu wa kusoma na kupitisha, ukilala wewe ndoa ya mtu inayumba. Mtu akistaafu unaandaa nyaraka zake ziende PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, na kama barua ya kuthibitishwa kazini haimo kwenye faili unaisaka mpaka uipate. Tathmini ya utendaji nayo, tulikuwa na OPRAS ya makaratasi sasa ni PEPMIS kwenye kompyuta, watumishi wazima wanakuja ofisini hawajui kujaza unakaa nao mmoja mmoja. Ni kazi ya watu na karatasi na sheria. Ukiwa mvivu wa kusoma au huna uvumilivu wa watu usiende

Tusekile: Mi kusoma siogopi shangazi. Kwani darasani wanafundisha nini hasa

Shangazi Atupele: Miaka mitatu. Kupanga mahitaji ya watumishi, kuajiri na usaili, mafunzo kazini, mishahara na marupurupu, tathmini, saikolojia ya kazini, mahusiano kazini yaani mambo ya vyama vya wafanyakazi na migogoro, sheria ya kazi, takwimu kidogo na uhasibu kidogo, mwisho unaandika utafiti. Ukitaka unisikilize mimi, sheria ya kazi na mishahara ndo uzikamate kwa mikono miwili. Hayo mengine mtu anaweza kuyaokota kazini, hayo mawili ukiyakosea unamuumiza mtu au unaitia ofisi hasara

Lusajo Mafinga: Hapo shangazi umegonga penyewe. Tuse ngoja nikwambie mimi nilivyopata kazi. Hii kampuni ya mbao nilipo kabla yangu haikuwa na HR, msimamizi alikuwa anaajiri na kufukuza mwenyewe. Kuna opereta wa mashine wakagombana akamwambia kesho usije. Basi, hamna barua hamna kikao. Jamaa akaenda CMA ndani ya zile siku 30 maana ukizidisha unaanza kuomba radhi ya kuchelewa kwanza, wakaitwa, na sheria inataka mwajiri ndo athibitishe kwamba alimuachisha kwa haki, wao hawana hata karatasi moja, mkataba wenyewe hamna. Walilipa. Ndo wakatangaza nafasi ya afisa rasilimali watu nikaomba nikapata

Ba'mdogo Gwamaka: Kumbe. Sasa iyo CMA ni mahakama?

Lusajo Mafinga: Hapana ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wanaanza kuwasuluhisha kwanza mkishindikana ndo inaenda kwenye uamuzi. Imeundwa na sheria ya mwaka 2004, zilitoka mbili mwaka huo, namba 6 ya ajira na mahusiano kazini na namba 7 ya taasisi za kazi. Hizo Tuse zipo bure mtandaoni hata kwa Kiswahili zipo, anza kusoma sasa ivi kabla ya chuo. Masaa 45 kwa wiki, likizo siku 28, uzazi siku 84 na ukijifungua mapacha 100, baba siku 3. Mi nakutana nazo kila siku

Mama Tusekile: Baba siku 3 tu? 😳

Shangazi Atupele: Ndo ivo wifi

Tusekile: Kaka Lusajo wewe si ulisoma diploma?

Lusajo Mafinga: Ndio, nilisoma Chuo cha Utumishi wa Umma hapo hapo Mbeya, nikaanzia astashahada maana fomu foo yangu haikuwa nzuri nikapanda mpaka diploma. Sasa ivi digrii naimalizia Chuo Kikuu Huria huku nafanya kazi, usiku nasoma mchana niko na vibarua. Inachosha ila kila ninachosoma kesho yake nakitumia. Wewe una two, pita moja kwa moja, njia ya diploma mtu akiwa na GPA ya 3.0 ndo anaingia digrii, ni njia nzuri ila ndefu

Ba'mdogo Gwamaka: Na vigezo anavyo kweli? D ya Geography isije ikamtoa

Shangazi Atupele: Anavyo. TCU, tume ya vyuo vikuu, kiwango cha chini ni principal mbili, yaani masomo mawili uliyofaulu kuanzia A mpaka E, zenye jumla ya pointi 4, A ni 5 B 4 C 3 D 2 E 1. Yeye kwa zile C mbili tu ana 6. Ila kila chuo kinaongeza masharti yake, kozi nyingine za biashara wanataka na pass ya hesabu ya fomu foo. Tuse hesabu ulipata ngapi

Tusekile: D shangazi

Shangazi Atupele: Basi inatosha kwa nyingi. Sasa kuhusu chuo. Mimi nimesoma Mzumbe na ntakisifia mpaka nazeeka, pale palianza 1953 kama shule ya kuwafundisha watu wa serikali za mitaa, ikaja kuwa IDM, taasisi ya usimamizi wa maendeleo, mwaka 1972 na chuo kikuu 2001, yaani utawala na utumishi ndo damu ya pale. Lakini ni Morogoro, chumba nauli chakula vyote juu ya wifi. Kuna Mzumbe kampasi ya Mbeya, kuna Taasisi ya Uhasibu nayo ina kampasi Mbeya, huku Iringa kuna vyuo pia na kwangu chumba kipo. Cha kuangalia, chuo kuwa na kampasi mjini kwenu haimaanishi kila kozi inafundishwa hapo, kozi inaweza kuwa makao makuu tu. Fungua kitabu cha mwongozo cha TCU cha mwaka huu, angalia kozi na kampasi na ile code, usisikilize madalali wa stationari wanaokujazia chochote ili wachukue hela

Shangazi Atupele: Na usiangalie jina la kozi peke yake. Kuna human resource management, kuna utawala wa umma, kuna ile ya Ustawi wa Jamii Dar inayounganisha na mahusiano kazini. Chukua orodha ya masomo ya kila moja uweke pembeni, isiyo na sheria ya kazi iache. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira nayo yasome, tafuta Afisa Utumishi Daraja la II uone wanataka digrii za aina gani, ukianza na tangazo la kazi ukarudi nyuma kwenye kozi hupotei

Ba'mdogo Gwamaka: Hili la kuanza na tangazo nimelipenda. Huyo kijana wa Makambako nani alimwambia haya

Lusajo Mafinga: Na fildi ba'mdogo, yale mafunzo kwa vitendo. Wengi wanaenda fildi kugongewa muhuri. Tuse ukifika kipindi cha fildi njoo Mafinga huku, mashamba ya miti, viwanda vya mbao, mashamba ya chai Mufindi, watu wa msimu ni mamia, mikataba yao, kadi zao za NSSF, wakiumia kuna WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, lazima ajali iripotiwe. Mtaka kujua HR asiende kukaa benki kwenye kiyoyozi, aje ajifunze kumwandikisha kibarua siku ya kwanza anapoingia

Tusekile: Siku ya kwanza. Kama babu

Lusajo Mafinga: Kama babu dada

Baba Tusekile: Network imerudi nimesoma yote. Nashukuru sana dada na Lusajo, Gwamaka nawe umesema kama baba. Mimi swali langu ni hela. Mkopo atapata?

Shangazi Atupele: Kaka aombe ila msipange maisha kwa mkopo ambao haujatoka, wanaangalia uhitaji na kozi za vipaumbele mara nyingi ni sayansi na ualimu wa sayansi. Anaweza akapata asilimia fulani tu. Na ajue ni deni, akiajiriwa atakatwa 15% ya mshahara wa msingi kila mwezi mpaka liishe, na atakayekuwa anakata ni HR mwenzie

Baba Tusekile: Basi asome hapa Mbeya alale nyumbani kama kozi ipo, kama haipo aende kwako Iringa. Morogoro iwe ya tatu. Ada ntapambana nayo kwa awamu, nauli ya daladala Uyole mpaka mjini tunaimudu

Mama Tusekile: Mi naunga mkono. Viazi vya mwezi huu naweka pembeni kwa ajili ya kuomba vyuo

Tusekile: Asante baba asante mama 🙏 nimeridhika, Morogoro niliitamani ila naelewa

Shangazi Atupele: Ukifika ofisini hatuulizani ulilala wapi ukisoma. Haya Tuse tufanye kazi. Kuomba ni moja kwa moja kwenye mfumo wa kila chuo, kila kimoja na ada yake, chagua vitatu. Ukichaguliwa zaidi ya kimoja utatumiwa namba ya siri kwenye simu uthibitishe kimoja, kwa iyo tumia laini yako mwenyewe usitumie ya mtu wa stationari. Kwa Bodi ya Mikopo andaa cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wale wa usajili wa vizazi na vifo, index namba ya fomu foo iwe ile ile uliyoombea chuo, fomu isainiwe serikali ya mtaa na kwa kamishna wa viapo, na mdhamini. Majina yafanane kila mahali

Tusekile: Shangazi hapo kwenye majina. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Tusekele, vyeti vya shule vyote ni Tusekile

Mama Tusekile: Waliandika vile hospitali tukaona ni herufi moja tu tukaacha

Shangazi Atupele: Wifi herufi moja inamkwamisha mtu mwaka mzima nimeiona kwa macho yangu. Msiogope inarekebishika, ila ianze kesho siyo wiki ijayo. Nendeni RITA pale ofisi ya mkuu wa wilaya na cheti cha kuzaliwa na vyeti vya shule mkaulize kama wanasahihisha wao au mpaka hati ya wakili ya majina isajiliwe kwa msajili wa hati. Vyuo aombe huku hili linaendelea, mkopo usubiri jina likae sawa

Ba'mdogo Gwamaka: Mimi kesho napita Mbeya na mzigo naingia saa nne. Shemeji usifunge meza yako, ntampeleka mimi na nikitoka huko namfikisha kwa wakili ninayemfahamu pale Mwanjelwa

Mama Tusekile: Ubarikiwe shemeji

Babu (simu ya Ipyana): Ndaga fijo. Na kadi yake ya kliniki ninayo mimi huku kwenye sanduku, imeandikwa vizuri Tusekile. Ipyana ataileta na gari ya asubuhi

Shangazi Atupele: Baba hiyo kadi ni ushahidi mkubwa, Ipyana aiweke kwenye bahasha isikunjwe. Tuse piga picha cheti cha kuzaliwa na cha fomu foo nitumie inboksi sasa ivi niandike barua ya maelezo

Tusekile: Natuma shangazi, bando linasumbua kidogo lakini ya kwanza imeenda