Kiwanja cha gofu ni cha umma, ada ni ya tajiri: bado ni chetu?

Mleta hoja, Chumbageni

Wana Tanga, naomba tulijadili hili bila matusi. Tunaofuatilia gofu hapa mjini ni wachache, najua. Lakini Septemba 2025 Ryder Cup, ile michuano ya gofu ya timu ya Marekani na timu ya Ulaya, ilichezwa Bethpage Black, na kiwanja kile ni mali ya serikali ya jimbo la New York, si cha klabu. Fundi bomba akijipanga akalipa ada yake, anacheza palepale walipocheza wakubwa wa dunia. Mkazi wa jimbo hulipa nusu ya anacholipa mgeni, au chini ya hapo.

Sasa tazameni kwingine. Old Course ya St Andrews, Uskoti, nayo ni ya umma. Raundi moja, yaani kuzunguka mashimo yote 18, kwa mgeni, msimu wa watu wengi, ilikuwa pauni 295 mwaka 2023, ikawa 320 mwaka 2024, ikafika 340 mwaka 2025. Marekani nako viwanja vya majiji vimejaa tangu korona, maana watu walifungiwa ndani na gofu ikawa miongoni mwa michezo ya mwanzo kuruhusiwa. Waliokimbilia huko wengi hawakuondoka, na ada ikaanza kupanda.

Hoja yangu ni hii: kiwanja cha umma ambacho mwenyeji wa kipato cha kawaida hakimudu ni biashara iliyopewa ardhi ya bure. Na msiniambie haituhusu. Siku jiji letu likisema linatenga eneo la gofu pwani kwa ajili ya utalii, tuwe tumeshajua la kudai kabla nyasi hazijapandwa.

Mgosi wa Ngamiani

Mgosi mwenzangu, umeamkia wapi leo? Gofu! Huku Ngamiani watoto wanapigia mpira barabarani, bajaji ikipita wanasimama, ikishapita wanaendelea. Kiwanja cha mashimo 18 kinakula zaidi ya ekari 100. Uwanja wa kawaida wa mpira wa miguu hauzidi ekari mbili. Piga hesabu mwenyewe: eneo hilo moja lingetoa viwanja vya mpira hamsini na ushee. Coastal Union ilichukua ubingwa wa nchi mwaka 1988, na vijana wale hawakulelewa kwenye majani ya mita mia tano mia tano.

Halafu maji. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga iliuza hatifungani ya shilingi bilioni 53.12 ili kupanua huduma. Tumekopa, tena kwa riba, maji ya Mto Zigi yawafikie watu, halafu tukayamwage kwenye nyasi za watu wanaotembea na mifuko ya vyuma? Ada ikipanda mpaka wakimbie wote, mie sitalia.

Mhasibu, Raskazone

Mleta hoja ana uchungu wa haki, Mgosi ana uchungu wa ardhi, ila hakuna aliyegusa kinachoipandisha bei. Nichore kidogo.

Gofu inachezwa kwa makundi, watu wanne wanne. Kundi likishapiga, unasubiri kama dakika 10 ndipo la pili lianze, la sivyo watu watapigana vichwani kwa mipira. Kwa saa moja ni makundi 6, watu 24. Raundi nzima inachukua saa nne na zaidi, na huku kwetu giza linaingia saa kumi na mbili na nusu hivi, kwa hiyo kundi la mwisho linatakiwa liwe limeshaanza saa nane mchana. Ukifungua saa kumi na mbili asubuhi una saa nane za kuanzisha makundi. Jumla ni watu 192 kwa siku, na hapo kila kitu kimekwenda sawasawa, hakuna mvua wala mzee anayetafuta mpira vichakani.

Namba hiyo haiongezeki. Wakija watu 400, mia mbili wanarudi nyumbani. Uwanja wa mpira unaweza kubananisha watu jukwaani, kiwanja cha gofu hakiwezi. Kwa hiyo ni lazima kitu kiamue nani acheze: ama bei, ama foleni, ama kujuana. Mkikataa bei kupanda, niambieni mnachagua kipi kati ya viwili vilivyobaki. Kule Bethpage ada ya mwenyeji ni nafuu, ndiyo, lakini watu wanalala ndani ya magari yao usiku kucha ili wapate nafasi alfajiri. Foleni nayo ni malipo. Unalipa kwa usingizi.

Kijana wa Donge

Mhasibu umesahau cha nne: ulanguzi. Los Angeles ada za viwanja vya jiji zilikuwa za kawaida tu, lakini walanguzi walikuwa wakizichota nafasi za asubuhi mtandaoni zikifunguliwa tu, kisha wanaziuza kwa wachezaji kwa pesa ya juu. Mwaka 2024 jiji likaanzisha amana ya dola 10 kwa kila mchezaji anayeweka nafasi, hairudishwi, ili mtu asishike nafasi bila nia ya kucheza.

Ukiweka bei ya chini bila kulinda mlango, tofauti inaingia mfukoni kwa mjanja. Wanaokumbuka tiketi za mechi kubwa Mkwakwani watanielewa, mtu ana kitita mkononi nje ya geti wakati dirishani zimekwisha.

Mtunza nyasi, Mwanzange

Nimefanya kazi ya nyasi kwenye viwanja vya gofu bara miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani, kwa hiyo naomba nisemee gharama, maana humu mnaongea kama vile ada inatoka hewani.

Kinachokula pesa si ekari 100. Ekari nyingi unapitisha trekta la kukatia majani, basi. Kinachokula pesa ni yale maduara 18 ya kumalizia shimo. Pale majani yanakatwa mafupi kama zulia, yanakatwa kila siku, na mashine yake ina visu vya mzunguko ambavyo havitengenezwi gereji ya mtaani. Kisu kikila jiwe, unaagiza nje na unalipa kwa dola. Dawa ya ukungu nayo dola. Majani mafupi namna ile ni mgonjwa wa kudumu, usipomhudumia siku mbili tatu anakufa.

Zamani viwanja vingi vya Afrika Mashariki havikuwa na majani pale kabisa. Palikuwa na mchanga uliochanganywa na mafuta, unasawazishwa kwa ubao baada ya kila kundi kupita. Mpira unakwenda vizuri tu. Hakuna maji, hakuna dawa, hakuna mashine ya kuagiza. Leo ukimwambia mwekezaji aweke mchanga atakucheka, kwa sababu mgeni wake anataka pafanane na anachokiona kwenye televisheni. Kwa hiyo kabla hamjauliza ada iwe ngapi, ulizeni kiwanja kinatengenezwa kwa ajili ya macho ya nani.

Na Mgosi, hilo la maji una haki nusu. Kuna jamii ya nyasi inaitwa paspalamu, inavumilia maji yenye chumvi kuliko nyasi nyingi za gofu. Ukanda wa pwani kama huu wetu ndio mahali pake. Si lazima mguse bomba la mtu.

Mgosi wa Ngamiani

Fundi nakusalimu. La mchanga sikulijua. La ekari bado limesimama.

Mwalimu mstaafu, Pongwe

Wanangu, mmetaja St Andrews kwa bei ya mgeni tu, na hapo mmeacha nusu tamu. Mwaka 1552 askofu mkuu John Hamilton alitia saini hati inayotambua haki ya watu wa mji ule kucheza gofu na michezo mingine kwenye eneo lile la mchanga la ufukweni. Kuna wakati ardhi ilitoka mikononi mwa mji, ikarudishwa mwaka 1894 kwa sheria ya Bunge. Mwaka 1974 Bunge likapitisha sheria nyingine iliyounda chombo cha kuviendesha viwanja vile.

Matokeo yake ni nini leo? Mkazi wa mji ananunua tiketi ya mwaka mzima kwa pesa isiyofikia raundi mbili za mgeni, na anacheza viwanja vya chombo hicho. Tena kuna nafasi zilizohifadhiwa kwa wenyeji. Na Jumapili, kwa kawaida, Old Course haichezwi. Watu wanatembea humo na watoto na mbwa wao. Mgeni, alipe anavyolipa, hawezi kuinunua Jumapili.

Kwa hiyo mleta hoja, mfano uliouleta kama ubaya ndio dawa yenyewe. Bei ya mgeni kupanda si kosa. Mgeni anawalipia wenyeji. Na tusijifanye hatujui mtindo huu: ukienda hifadhi ya wanyama ya Saadani hapo, raia wa Afrika Mashariki analipa kwa shilingi, mgeni wa ng'ambo analipa kwa dola, na hakuna aliyewahi kuandamana.

Mama wa Makorora

Shikamoo mwalimu. Nina swali dogo kwenu wanaume: huyo mwenyeji mnayemtetea ana saa nne na nusu za kutembea asubuhi siku ya kazi? Mie nafungua genge saa kumi na moja alfajiri. Hata mkisema ni bure, siji. Na fimbo je? Kanuni inaruhusu mpaka 14 kwenye mfuko, hata ukibeba nusu yake zinaagizwa nje. Wanangu wakitaka kujifunza, ada ya mlangoni ndiyo gharama ndogo kuliko zote.

Mkitaka mtoto wa Makorora acheze, wekeni mashimo matatu mafupi karibu na mlango, fimbo za kuazima, saa kumi jioni wakitoka shule. Hilo halihitaji mtu aamke saa tisa usiku.

Aliyewahi kubeba fimbo, Duga

Mama wa Makorora amesema la maana kuliko sote, na naongeza kwa uzoefu. Nimebeba fimbo za wachezaji Dar. Sisi wabebaji tulicheza Jumatatu, siku ambayo wanachama hawaji, kwa fimbo za kuazima na mipira tuliyookota majini. Humo wametoka wachezaji wakali kweli. Hakuna aliyetuuzia tiketi ya punguzo. Tulipewa siku.

Ndiyo maana naona mjadala wa bei umekaa upande. Viwanja vingi vya nchi hii ni vya klabu za Gymkhana, kuna cha jeshi pale Lugalo, kuna vya mashamba kama kule kwenye miwa ya TPC Moshi. Cha jiji, kwa maana ya Los Angeles, sijakutana nacho. Kwa hiyo kikija kitaanza na mwekezaji, na mwekezaji atakubali haraka sana kuandika "punguzo kwa wazawa", kwa sababu anajua punguzo la asilimia 20 kwenye bei ya dola halimwingizi mtu wa Duga. Asichokubali haraka ni kukupa Jumamosi asubuhi.

Mhasibu, Raskazone

Hapo nakubali, na hesabu inakubali. Katika zile nafasi 192, ukimwambia mwendeshaji 48 ni za wakazi kila siku, zikiwemo za kabla ya saa tatu asubuhi, umemgusa. Atapandisha bei ya nafasi 144 zilizobaki. Apandishe.

Tatizo langu ni ushahidi wa ukazi. New York leseni ya udereva ina anwani. Hapa tutatumia barua ya serikali ya mtaa, na mnajua wenyewe. Wiki ya kwanza tu wacheza gofu wote wa Dar watakuwa wakazi wa Raskazone.

Mleta hoja, Chumbageni

Nimewasoma wote. Mwalimu, St Andrews naikubali, ila tofauti ni moja kubwa: wale hati yao ilitangulia biashara kwa karne kadhaa. Sisi tutaanza na biashara, na haki itakuja kuombwa baadaye. Ndiyo maana sibadili msimamo, nauhamisha mahali. Sitaki tena bei maalumu. Nataka mkataba wa ardhi uandike idadi ya nafasi za wakazi na saa zake, siku moja kwa wiki ya watu wote kama Jumapili ile, na mashimo matatu ya Mama wa Makorora. Bila hayo, ada iwe shilingi elfu tano au dola mia, kwangu ni kitu kilekile.

Ukazi nasema tusitumie barua. Tutumie daftari la shule kwa watoto, na kwa wakubwa jina lililoko kwenye ankara ya maji au ya pango la ardhi.

Mama wa Makorora

Ankara ya maji ina jina la mwenye nyumba. Wapangaji je?

Mgosi wa Ngamiani

Na mkataba wa ardhi nani atausoma? Mie nimeuliza ya ekari tangu asubuhi, mmenijibu maji, mmenijibu Uskoti. Mashimo 9 yanachukua nusu ya eneo. Andikeni 9, nusu iliyobaki iwe viwanja vya mpira, halafu hizo nafasi za wakazi gawaneni mtakavyo, sitawasumbua tena.

Mtunza nyasi, Mwanzange

Mashimo 9 nayaunga mkono, tena kwa mchanga. Ila Mhasibu piga upya hesabu yako: kwenye 9 wengi wanazunguka mara mbili, na kundi linalorudi mzunguko wa pili linakula nafasi ya kundi jipya.