Kikundi: Ukoo na Shabaha 🎯

Dada Rehema: Jamani habari za jioni. Kile kipimio cha baruti tunachojazia risasi kimeanza vituko tena. Navuta mkono namwaga kwenye mizani, vipimo vinapishana uzito mpaka grein 0.4 na skrubu ya kurekebishia sijaigusa. Mashindano jumapili ijayo, maganda yako tayari na praima zake (viwashio). Nani anakuja jumamosi asubuhi tukikague?

Dada Rehema: Naona tiki za bluu tu. Hassani? Tino? Mama Neema?

Tino: mi nipo dada ila asubuhi yangu inaanza saa sita 😂

Dada Rehema: Tino usianze.

Kaka Hassani: umeweka baruti gani, ya chembe za vijiti au za duara

Dada Rehema: Ya vijiti virefu. Mkono unakwama katikati unasikia krap, halafu unaachia

Kaka Hassani: hapo ngoma ya ndani inakata vijiti. ukisikia krap hicho kipimo rudisha kwenye hopa, kule juu inakokaa baruti, usikitie kwenye ganda. ya duara inamiminika vizuri, vijiti virefu vinasumbua kipimio chochote. na angalia hopa, usiache ishuke chini ya nusu maana kule juu uzito ukipungua na vipimo vinabadilika, ndo kazi ya kile kibati cha ndani, kinazuia mzigo usikandamize chini. mlikirudisha?

Dada Rehema: Kibati gani?

Kaka Hassani: kilichotolewa siku ya kusafisha. na aliyesafisha anajijua

Mama Neema: Hassani nilijua tu utafika huko. Nilisafisha kwa sababu kuna mtu aliacha baruti kwenye hopa wiki nzima mpaka plastiki imebadilika rangi, na kopo lake halikuwepo mezani kwa hiyo hakuna aliyejua ni baruti gani, ikabidi itupwe yote. Na mizani yangu ya mkono mrefu iko wapi tangu ile harusi?

Tino: mizani iliolewa 😂😂😂

Bi Zuhura: 😂😂😂

Dada Rehema: TAFADHALI. Turudi kwenye kipimio.

Tino: haya dada. ila zile risasi za bastola za trei ya kijani alizojaza Idi juzi si kwa kipimio hichohicho? nilikuwa nazichukua kesho mazoezini

Bi Zuhura: Tino hata ukipewa nzuri shabaha huioni 😂

Tino: shangazi jamani

Mama Neema: Rehema, hopa usiipanguse kwa kitambaa kikavu, inashika umeme tuli na chembe zinaganda ukutani halafu zinadondoka zote kwenye kipimo kimoja. Osha kwa maji na sabuni, iache ikauke yenyewe. Ngoma ifute mafuta yote, mafuta yanafanya baruti ishikane. Kisha pitisha baruti kidogo kwanza, ile grafaiti inayokaa juu ya chembe ikishapaka ndani inatulia.

Kaka Hassani: na mkono uvutwe vilevile kila mara, gonga juu gonga chini, spidi ileile. vipimo vya kwanza rudisha kwenye hopa. mizani ya umeme iwashe mapema ipate joto, feni zima, simu weka mbali. na kaza ile klemu, meza ikitikisika baruti inashindiliwa

Dada Rehema: Asanteni. Kwa hiyo jumamosi saa tatu, nimewaandika wote.

Babu Mkubwa: Nimesoma yote. Trei ya kijani hakuna mtu wa kuipiga.

Babu Mkubwa: Baruti ikinasa kwenye mrija wa kushukia, ganda moja linatoka tupu na linalofuata linapokea mara mbili. Lile tupu, praima peke yake inasukuma kichwa cha risasi kinanasa ndani ya mtutu. Mtu anasikia mlio mdogo, anadhani ni kasoro tu, anapiga nyingine nyuma yake. Mtutu unapasuka mkononi. Ganda la bastola lina nafasi, mara mbili inaingia wala haimwagiki.

Tino: Shikamoo babu. Sizichukui.

Bi Zuhura: Shikamoo baba.

Dada Rehema: Shikamoo babu. Tumesikia.

Idi: ndo natoka kazini naona meseji sasa hivi. shikamoo babu. jamani mi nilimulika tochi ganda moja moja kabla sijaweka vichwa, hakuna tupu na hakuna lililozidi

Babu Mkubwa: Marahaba. Tochi inaona tupu na inaona mara mbili. Haioni pungufu kidogo wala ziada kidogo. Ulikuwa unapima kwenye mizani kila baada ya ngapi?

Idi: nilipima za mwanzo babu

Babu Mkubwa: Zing'olewe.

Dada Rehema: Idi na Tino mtang'oa vichwa vyote jumamosi hiyohiyo na ile nyundo ya kung'olea. Baruti itakayotoka msiirudishe kwenye kopo. Hassani utaleta kibati kama kiko kwako. Mama Neema utasimamia usafi.

Tino: nyundo iko kwa nani kwani

Mama Neema: Jumamosi sijajua bado. Mizani yangu ikirudi nitakuja.

Idi: mi jumamosi zamu, labda jioni

Dada Rehema: Jioni taa ya pale ni mbovu, tutamulikaje maganda? Hassani, mizani ya Mama Neema unayo au huna?

Kaka Hassani: niko barabarani nikifika ntajibu