Ukoo wa Wete: Rukia Apelekwe Arles

Rukia: Assalaam alaykum jamaa. Viza imetoka! Shangazi, nakuja Ufaransa, nafikia kwako Marseille. Wenzangu wananiambia nisikose Nice, kuna ufukwe.

Shangazi Mwana: Waalaykum salaam mwanangu, alhamdulillah! Bahari unayo hapo Wete. Mimi nakupeleka Arles. Kwa treni ni mwendo wa saa moja hivi.

Kaka Salim: Si mji wa yule mchoraji, Van Gogh?

Shangazi Mwana: Ndio. Alifika Februari 1888, akaondoka Mei mwaka uliofuata, kaacha kazi zipatazo 300. Lakini mimi nataka Rukia aone uwanja wa Warumi. Umejengwa mwishoni mwa karne ya kwanza, watu 20,000 walikuwa wakienea. Dola ya Roma ilipoanguka, wenyeji hawakuuacha ukawa gofu. Wakahamia mle mle! Waliziba matao, wakajenga nyumba zaidi ya 200 na makanisa mawili madogo, wakasimamisha minara ya ulinzi. Nyumba zilivunjwa karne ya 19, ila minara mitatu ipo. Ukipanda mmoja unauona mto Rhône na mapaa ya vigae mji mzima. Wallahi napapenda pale.

Mjomba Hamadi: Na siku hizi uwanja una kazi gani?

Shangazi Mwana: Mchezo wa ng'ombe, kaka yangu! Vijana wamevaa nyeupe, wanawania kunyakua vishada vilivyofungwa kwenye pembe. Fahali anarudi malishoni mzima.

Mjomba Hamadi: Allah! Kama kwetu Pemba.

Shangazi Mwana: Ndiyo maana siku ya kwanza nilikukumbuka wewe. Ila zipo sikukuu ambazo fahali huuawa. Hizo siendi, wala Rukia simpeleki.

Mwanakheri: Bibi yuko hapa pembeni, anauliza watu wa huko wanakula nini.

Shangazi Mwana: Mwambie wali! Kusini ya mji kuna mabonde ya Camargue, wanalima mpunga, mpaka mchele mwekundu upo. Huko huko ndiko waliko farasi weupe na heroe kwenye maji ya chumvi. Mwambie pia Jeanne Calment alizaliwa Arles 1875, akafia hapo hapo 1997. Miaka 122! Hakuna mwingine aliyethibitishwa kufika umri huo.

Mwanakheri: Bibi anasema mashaallah, na anataka huo mchele mwekundu.

Rukia: Nitamletea in shaa Allah. Basi Nice niiache. Twende siku gani, shangazi?

Shangazi Mwana: Jumamosi, tena asubuhi. Soko linatandazwa Boulevard des Lices: zeituni, jibini, asali, vitambaa. Wauzaji wanakuonjesha kwanza, usione haya. Halafu beba koti zito na mtandio wa kufunga vizuri. Upepo wa mistral ukishuka na bonde la Rhône hauna huruma, hata jua likiwa kali.

Rukia: Koti sina.

Shangazi Mwana: Langu lipo. Nitumie saa ya kutua ndege.